Mtoto wa Surua Hapewi Maji

Magonjwa mengine ya utoto wetu yalikuwa na mchezo ndani yake. Ukipata matumbwitumbwi walikupaka masizi ya chungu mashavuni, na wenzako wakakucheka mpaka nawe ukacheka, ingawa kucheka kwenyewe kuliuma. Tetekuwanga tuliikuna hadi ikachoka. Kifaduro kilitukohoza msimu mzima wa kupalilia maharage, na mama zetu wakalalamikia kelele kuliko ugonjwa. Surua haikuwa na mchezo. Ilipoingia Karuba, kijiji chetu cha vilima vya Masisi, mama mwenye akili hakusema ana watoto wangapi mpaka ipite.

Kwetu ilikuja miaka ile ya sitini, baada ya uhuru. Nilikuwa msichana wa miaka minane hivi. Dispanseri ilikuwa mbali, ng'ambo ya vilima, na wazungu walipoondoka dawa ziliondoka nao. Alibaki muuguzi mmoja, infirmie kama tulivyomwita, na kabati tupu. Kwa hiyo aliyetutibu nyumbani ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, tena wa benchi la mbele, lakini mambo ya surua hakumwachia Mungu. Mtoto afunikwe blanketi karibu na moto. Nyumba ifungwe. Asioge, asile nyama, na juu ya yote asinywe maji hadi vipele vitoke vyote. Maji, alisema, yanarudisha vipele tumboni, na vikisharudi tumboni mtoto amekwisha. Hakuna aliyembishia. Vilima vyote vile viliamini hivyo, na makaburi madogo yaliyokuwa nyuma ya kila mgomba hayakumfundisha mtu kitu.

Surua ilianza na mimi. Kiu ya surua siwezi kumweleza asiyeionja. Ulimi unakuwa kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa kinywani mwako. Lakini ukuta wa udongo ulikuwa na ufa karibu na kichwa changu, na mvua ya Masisi haina haya, inaingia popote. Niliweka kiganja pale, nikanywa. Kila iliponyesha nilikunywa, chini ya blanketi, kimya. Nikapona. Shangazi akatembea mlango kwa mlango akijisifu kwamba sheria zake zimeniponya.

Kisha ikamshika mdogo wangu wa kiume. Alikuwa na miaka kama mitatu. Tangu shingo yake ikaze nilimbeba mimi mgongoni, mama akiwa shambani; kulia kwake nilikujua kuliko mama alivyokujua. Na mvua zikakatika wiki ileile. Alilala karibu na moto, macho yamegandana kwa tongo, midomo imepasuka, na kila alipopata sauti aliomba kitu kimoja.

"Mama, mayi."

"Ngoja, mwana wangu," mama alimjibu. "Vikishatoka vyote, njo utakunywa."

Nilivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili nilimfuata mama nyuma ya nyumba, nikamwambia ukweli. "Mama, miye nilikunywaka mayi ya mvula. Kila mara. Na sikukufa."

Mama alifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa bado msichana, sasa ndiyo naona, mwanamke aliyeolewa mapema na kuwekwa chini ya wifi mkali. Aliingia ndani, akashika kibuyu cha maji. Alikishika hasa, nilimwona, akakiinua hadi kifuani. Mlango ukafunguliwa, shangazi akaingia na ungo wa maharage. Mama akakirudisha kibuyu mahali pake, akaanza kupanga kuni zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Basi nikampa mimi. Mchana mmoja mama alikwenda kutafuta kuni, shangazi yuko uani anapepeta. Nilijaza kopo la bati, nikamwinua kichwa. Alikunywa bila kupumua. Akasema, "Ingine." Nikampa lingine. Kisha akalala, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakulia. Nilikaa pale nikiwa na furaha. Nasema furaha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyewahi kuniondolea hiyo, ingawa walijaribu.

Alikufa kabla ya wiki kwisha. Pengine maji yalichelewa, pengine yalikuwa machache; makopo mawili kwa kiu ya siku zote zile ni nini? Walipokunja mkeka alioufia waliona kopo limeviringikia ukutani. Shangazi akaliokota.

"Nani alimupa mayi?"

"Ni miye," nikasema. Sikujua kwamba kusema kweli kuna bei. Nikaongeza, mjinga mimi, kwamba hata mimi nilikunywa nilipougua, na nikapona.

Shangazi akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Munasikia? Alikunywa, surua yake ikakosa njia ya kutoka, ikaenda kwa mudogo wake. Kisha akamumalizia na mayi. Huyu njo alimuua mutoto!"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa amekumbatia kitambaa nilichokuwa nikimbebea mdogo wangu, na hakuinua macho. Kaburini katekista alitukumbusha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akinitazama mimi. Guu langu lilikuwa zima kabisa. Aliyevunjika alikuwa ndani ya shimo, na huyo alilisikia la mkuu mpaka ulimi ukakauka.

Tangu hapo sikubeba tena mtoto wa mtu. Kwetu msichana wa umri ule asiyebeba mtoto mgongoni ni kama jembe lisilo na mpini. Watu wanauliza lina kazi gani. Wenzangu walicheza na vichanga vya jirani migongoni mwao, mimi mgongo wangu ulikuwa mtupu. Mama alipojifungua tena, mtoto wa kike, walimwita binamu kutoka Kingi aje ambebe. Mimi nikaachiwa kuteka maji. Sidhani kuna aliyeona ubaya wa kunipa kazi hiyo.

Miaka michache ikapita na surua ikarudi, maana ilirudi kila mara. Ikamshika yule mdogo wa kike. Safari hii shangazi hakuwepo, alikuwa amekwenda kukaa kwa binti yake aliyeolewa Walikale, na binamu alikuwa amerudi kwao. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akaniambia nibebe viazi vya njiani, tukaenda dispanseri. Infirmie alikuwa mpya, kijana mwenye haraka. Alifungua kinywa cha mtoto, akakasirika.

"Mama, huyu mutoto anakauka. Umupe mayi."

"Mayi?" mama aliuliza. "Na surua?"

"Mayi mingi! Utokoteshe, ikishapola anywe kila mara. Batoto ba surua banakufaka na kiu. Nani aliwafundisha kuwanyima?"

Mama alishika kikombe alichopewa kwa mikono yote miwili, akamnywesha mtoto mbele yangu mpaka mwisho, akaomba kingine. Mtoto akapona, bila dawa nyingine ya maana, kwa sababu haikuwepo.

Tulipokuwa tunarudi, kwenye mteremko usio na nyumba, nilishindwa kunyamaza. "Mama, ulisikia maneno ya infirmie."

"Nilisikia."

"Basi haiko miye nilimuua."

Alisimama. Hakugeuka. Alikaza fundo la kitambaa kifuani, akalifungua, akalikaza tena.

"Sema tu, mama. Hapa tuko peke yetu."

"Kama haiko weye, ni nani?" akasema, sauti ya chini kabisa. "Ulikuja ukaniambia. Nikashika kibuyu, nikakirudisha. Unataka niseme nini? Weye ungali mutoto, utasahau. Miye nikibeba ile kitu, itaniua."

Akaendelea kuteremka. Nilimfuata nikiwa na kikapu kitupu cha viazi na hasira ambayo sijaitua hadi leo. Namwelewa mama yangu. Nimezaa, najua. Lakini kumwelewa mtu na kumsamehe ni njia mbili, na ya pili sijaifikia.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mtoto wa jirani alinikimbilia akitaka nimbebe. Mama yake akamvuta kwa nguvu hadi akalia. Mama yangu alikuwa kando, aliona yote. Akamgeukia yule jirani, akamwuliza kama maharage yake yameanza kutoa maua.