Betri ya pili iliyomtia aibu Fundi Cheche

Saa mbili asubuhi, boneti ya pikapu nyeupe iko wazi na injini inaunguruma. Fundi Cheche ameiinamia akiwa na mita ya umeme mkononi. Kwenye benchi nyuma yake kuna vifaa viwili. Kimoja ni kidogo, cheusi, anachokijua kama kiganja chake. Kingine ni kipana, kizito, na bado kimo ndani ya boksi.

"Sasa fundi, tunafunga kipi?" anauliza mwenye gari, daktari wa mifugo, akiwa amesimama mlangoni mwa gereji.

Cheche anazima injini, anachukua tambara na kuanza kujifuta mikono, ingawa mikono yenyewe ni safi.

"Daktari, kabla sijafunga chochote, nina neno," anasema hatimaye. "Naomba uketi."

Neno hilo limemkaa kooni kwa siku kadhaa. Cheche ni fundi umeme wa magari tangu ujana wake, na magari ya safari za porini ndiyo yanayomlisha. Wenye magari hayo huongeza betri ya pili kwa ajili ya friji na taa. Kati ya betri hizo mbili hukaa aizoleta. Injini ikiwaka, aizoleta huziunganisha ili zote zijazwe na alteneta, mtambo wa injini unaozalisha umeme. Injini ikizimwa, huzitenganisha, friji isije ikanyonya betri ya kuwashia gari na kuwaacha watu njiani.

"Kazi hiyo naifanya nimefumba macho," anasema, kisha anacheka bila furaha. "Na kweli nilifumba."

Pikapu ya daktari ilipoletwa mara ya kwanza ilikuwa mpya kabisa. Daktari, mwanamama anayezunguka malishoni kuchanja mbuzi, aliuliza kama gari la kisasa halihitaji kifaa tofauti. Cheche alikuwa amesikia kwamba alteneta za siku hizi zinaongozwa na kompyuta. Zinaongozwaje, hakujua. Lakini gereji ilikuwa imejaa wateja, na kusema "sijui" mbele yao aliona ni kujivua nguo.

"Umeme ni umeme tu, Daktari," alimjibu, akafunga kile cheusi, aizoleta yake ya siku zote.

Safari ya kwanza tu, friji ikafika malishoni ikiwa vuguvugu. Chanjo zote zikatupwa. Wafugaji waliokuwa wameswaga mbuzi wao kutoka mbali wakaambiwa warudi nao.

Daktari alimpigia simu papo hapo. Cheche anakumbuka alivyojibu, na anaposimulia sasa anakwepa macho ya daktari.

"Nilikwambia umuulize dereva wako. Nikasema huyo bwana anaweka maji yake ya kunywa humo, mlango unafunguliwa ovyo. Nikacheka, na wateja wakacheka."

Dereva huyo ni mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Cheche mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi ile. Na habari za chupa ya maji alizipata kwake, jioni moja walipokuwa wakipiga soga kama baba na mwana.

Dereva aliondolewa safarini, akawekwa kuosha magari uani mwa ofisi. Posho za safari, ambazo ndizo zilizokuwa zikilipa kodi ya nyumba, zikakatika. Hakulalamika. Alipita kwa baba mkwe wake siku moja, akaamkia, akakaa kidogo ukingoni mwa kiti, akaaga.

"Afadhali angenitukana," anasema Cheche.

Binti yake ndiye aliyekuja na maneno. "Baba, ulimwona akifungua hiyo friji?"

"Sikumwona."

"Sasa ulisemaje kitu hukukiona?"

Cheche aliomba maji ya kunywa. Kiu hakuwa nayo.

Safari ya pili dereva alikuwa mwingine, na daktari mwenyewe aliubana mlango wa friji kwa utepe wa gundi. Chanjo ziliharibika vilevile. Gari liliporudi gereji, Cheche alipachika mita na kuliacha linaunguruma. Mwanzoni volti zilikuwa nzuri. Betri ya kwanza ilipojaa, zikashuka, na kile kifaa cheusi kikalia "tak" na kujikata. Kilidhani injini imezimwa. Betri ya pili ilikuwa haipati kitu.

"Nilijua hapo hapo kwamba nimemponza mtoto wa watu."

Ilibidi avuke barabara kwenda kwa fundi wa kike aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye yeye Cheche alimfukuza kwa kuuliza kupita kiasi. Enzi hizo alimpachika jina la Bi Maswali. Leo ana gereji yake. Alimpa kiti, akamweleza taratibu: kompyuta hupunguza nguvu ya alteneta ili kubana mafuta, kwa hiyo aizoleta inayopima volti hudanganyika. Gari la namna hiyo linataka chaja, kile kifaa kipana, inayoupandisha umeme mdogo, na inayopata taarifa kwenye swichi ya ufunguo kwamba injini inawaka.

"Usijali, mwalimu," alimwambia. "Hata mimi lilinichanganya mwanzoni."

"Aliniita mwalimu," anasema Cheche. "Nikatazama chini."

Daktari amesikiliza yote haya bila kumkatiza. Sasa anavuta pumzi.

"Kwa hiyo nimemwadhibu mtu kwa neno lako."

"Kwa neno langu, Daktari."

"Na mimi sikumuuliza hata swali moja." Anasimama. "Funga hicho kipana. Ukimaliza tunakwenda wote uani, umwambie mwenyewe."

Adhuhuri wanamkuta dereva na mpira wa maji mkononi. Cheche hazunguki. "Mwanangu, nilikusingizia. Friji haikuwa na kosa, wala wewe. Sikujua kazi, nikaona haya kusema."

Dereva anafunga bomba. "Nimesikia, baba," anasema, na macho yake yanabaki kwenye maji yanayotiririka miguuni.

Daktari naye anamwomba radhi, na anamrudisha safarini. Wiki hiyo hiyo chanjo zinafika malishoni zikiwa baridi. Lakini mkwe bado hajakanyaga nyumbani kwa Cheche, na salamu zake huzileta mkewe.

Siku hizi, gereji ikifungwa, Cheche huvuka barabara na kuketi kwa Bi Maswali kujifunza magari mapya. Mpango wake mwingine ni wa Jumapili.

"Sitamngoja aje kwangu, mimi ndiye wa kwenda," anasema. "Nitabisha hodi. Akisema hana nafasi, nitarudi Jumapili nyingine."