Nilikaa juu ya dawa ya wifi yangu

Ninyi vijana wa Kasongo na Kabambare mutakaosoma haya, wekeni kicheko pembeni kwanza. Masomo yangu ni kidogo, lakini kuandika ubaya wangu naweza.

Nilikosa. Nilimutesa mugonjwa ndani ya nyumba yangu, na nilifanya kwa kusudi. Mutu asinitetee akisema ni muzee, hakujua. Nilijua!

Mugonjwa alikuwa wifi yangu, dada ya bwana yangu marehemu. Bwana yangu alipokufa, kabla sijamaliza eda, wifi huyu alikuja na jamaa yao toka Kabambare. Desturi munaijua: mwanaume akifa, ndugu zake wanakuja kuvuna nyumba. Walibeba sufuria, walibeba vitanda, walifukuza mbuzi mbele yao, na mabati wakayang'oa juu ya paa. Mvua ilitunyeshea mimi na watoto kama watu wasio na kwao.

Na wifi akasimama mulangoni, mutaa muzima ukisikia, akasema: "Umemula ndugu yetu, mulozi wewe! Sasa kula na kuta!"

Neno lile lilikaa tumboni mwangu. Nililea watoto nalo. Niliuza mafuta ya mawese sokoni nalo.

Miaka ikapita, ugonjwa wa kizazi ukamushika wifi. Lopitali wakamupima, wakasema umeshaenea mwilini, hakuna cha kukata. Mutoto aliye hai hana. Jamaa kule wakaanza kukimbia harufu. Akasema apelekwe kwangu. Kwangu mimi! Akaletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge kwenye mugongo wa dereva asianguke.

"Wifi," akaniambia, "bado uko munene vile?"

"Na wewe bado uko na mudomo vile," nikamujibu.

Nilimupokea. Majirani wakanisifu: mama huyu ni mutu wa dini! Dini gani? Kwetu mutu hafi bila kuachiliana makosa na wale aliowakosea. Moyoni nilisema, umejileta mwenyewe. Utaniomba radhi kwa sauti, mbele ya watu, kama ulivyonitukana mbele ya watu.

Kulikuwa na munganga mumoja wa lopitali, mwanamuke, anayezunguka kwenye nyumba za wagonjwa wasioweza tena kupona. Akaniletea chupa ya dawa ya maumivu na kipimo chake.

"Mama," akasema, "ugonjwa hatuwezi kuuondoa. Maumivu tunaweza. Usingoje alie. Mupe kwa saa yake, hata ukimukuta anacheka. Umuoshe, umulowanishe midomo, umugeuze upande kwa upande. Na wewe pia upate mutu wa kukupokea, ulale."

"Sasa kama hatapona, dawa ya nini?"

"Apate kuishi siku zake, mama. Bado ni zake."

Nikaitika. Alipotoka nikafungia chupa ndani ya sanduku langu.

Maumivu yalipopanda, nilimuinamia wifi. "Una neno la kuniambia?" Alikuwa anauma kitenge, jasho linamutoka, macho yamegeuka. Hakusema. Nikasema, kiburi hicho! Basi ngoja. Na kesho yake vile vile, na kesho yake tena. Sikufungua.

Majirani waliposikia kilio, nikawaambia dawa ile inaua haraka, naogopa dhambi. Uongo mutupu! Munganga alishanieleza haiui, ukifuata kipimo. Lakini waliniamini, na mpaka leo mutaani kwetu wako watu wanaoikatalia wagonjwa wao kwa sababu ya mudomo wangu.

Ndipo binti yangu mukubwa, aliyeolewa Nyangwe, akafika. Akamukuta shangazi yake amejikunja kama mutu aliyepigwa.

"Mama, dawa iko wapi?"

"Imeisha."

"Nimekutana na munganga njiani. Amesema bado iko."

"Aombe radhi kwanza! Umesahau mvua ile?"

Akaninyooshea mukono. "Mama, mvua ile ilininyeshea na mimi. Lete ufunguo."

Nikautoa. Akamupa dawa, na kidogo kidogo mikono ya wifi ikaachia kitenge. Akalala. Alipoamka alikuwa wifi yule yule, macho makali, akaomba uji. "Tieni sukari, musiogope, meno haya siendi nayo mbali!" Binti yangu akacheka huku machozi yanamutoka.

Mimi nikasogea. Nikajua, sasa radhi yangu inakuja.

"Wifi," akasema, "sikukosa pa kufia. Nilikuja kwako kutafuta radhi. Juu ya pikipiki, njia nzima, nilikuwa napanga maneno. Nilipofika maumivu yakanifunga mudomo. Nikasema, wifi atanipa dawa, nitapumua, nitamuomba. Kumbe wewe umeikalia."

Akameza uji kidogo.

"Mimi nilikunyang'anya paa. Wewe umeninyang'anya siku zangu. Tumelipana. Sikuombi tena, na wewe usiniombe."

"Sema tu hata sasa!" nikamuambia. "Sema!"

Akageuza uso ukutani.

Alikufa siku chache baadaye, bila kupiga kelele, kichwa chake kwenye mapaja ya binti yangu. Mimi nilikuwa nje nasugua sufuria.

Musiseme koko, bibi yetu huyu, ametubu, amekuwa malaika. Juu ya dawa nimetubu kwa Mungu. Juu ya mabati yangu, bado nina hasira naye hata huko kaburini! Lakini nani ataniomba sasa? Nilitaka neno moja tu maishani, na mimi mwenyewe ndiye niliyelizuia lisitoke.

Na binti yangu? Ananisalimu vizuri, ananiletea sombe, majani ya muhogo ninayoyapenda. Lakini alipoangushwa na malaria kali, akatafuta pa kuuguziwa, alienda kwa mama mukwe wake. Kwangu hakuja. Sikuuliza sababu.

Vijana, mukiambiwa mugonjwa arudi nyumbani, lopitali imeshindwa, kazi bado iko. Iko kwenu. Musisikilize wanaosema dawa ya maumivu ni sumu. Mumoja wa waliosema hivyo ndiye anayewaandikia, na alikuwa anadanganya.

Nimekusanya watu wa nyumba yangu, wana, wakwe na wajukuu, nikawaambia hivi: "Mugonjwa yeyote atakayelala hapa, hata kama alituchomea nyumba, apewe dawa kwa saa yake, aoshwe, apewe uji anaoutaka. Mwenye kisasi naye asikanyage chumbani. Aende shamba akalime mpaka achoke. Akirudi na hasira yake bado, alale bila kula."