Mubirizi kwenye kopo la rangi

Mwezi wa sita mwaka 1998, mubirizi wa mama, mti wa majani machungu ya dawa, ulikauka barazani kwetu, ghorofa ya nne, Albert Park, Durban. Aliuotesha kwenye kopo la rangi, kutokana na kijiti alichokitoa Bukavu kimefungwa kwenye kitenge kibichi.

Enzi zile dawa tamu hatukuijua. Ukiumwa tumbo, unatafuna majani mawili. Ukiwa na minyoo, yanatwangwa na unakunywa kikombe kizima, kichungu mpaka masikio yanacheza. Ukiwashwa, unaogeshwa nayo. Wanangu leo wanapewa dawa yenye ladha ya stroberi, na bado wanajificha chini ya kitanda.

Majirani walikuja kuomba na mama aliwakatia, kwa sharti moja. "Usiseme aksanti," aliwaambia. "Ukisema, dawa inakufa." Mama Zuhura, Mtanzania wa ghorofa ya pili, alipewa kijiti akaondoka kimya kama mtu aliyetukanwa.

Mimi shuleni nilifundishwa kushukuru kwa kila kitu. Siku moja nilimaliza kikombe nikasema aksanti. Mti ulipokauka, mama alisema ni neno lile. Hakunipiga. Alikaa mbele ya kopo akalia, na tangu tufike Durban sikuwa nimemwona akilia. Ukweli ni kwamba kwa wiki mbili nilikuwa nikiumwagia maji ya sabuni, ili nisinywe tena.

Mama Zuhura aliposikia, alipanda ngazi na tawi lenye majani kutoka mti wake. "Mama Furaha, shukrani nilikunyima," alimwambia mama, "lakini mti sikuunyima maji."

Mama alicheka, akalipokea kwa mikono miwili bila neno. Jioni ile nilikunywa kikombe changu bila kulia.

Mwaka jana, mama akiwa mgonjwa kitandani, nilimweleza yote.

"Nilijua," alisema. "Ile kopo ilikuwa inanuka sabuni."

"Na hukunipiga, mama?"

"Ulikunywa ya Mama Zuhura yote. Ilitosha."

Tulimzika baada ya wiki tatu. Mubirizi ulioota kutokana na tawi lile uko palepale barazani, kwenye ndoo kubwa zaidi.

Siku hizi watu wanashukuru kwa simu, na picha za maua juu yake. Jumamosi iliyopita Zuhura, binti wa jirani yetu yule, alikuja kwa ajili ya tumbo la mwanawe. Alichuma majani sita, akayafunga kwenye leso, akashuka ngazi bila kusema kitu.