Mninga wa Mpakani

Miaka ile ya kuhamia vijijini, baba alipewa kiwanja cha mwisho kabisa katika kijiji kipya, kandokando ya Tunduma. Nyuma ya jiko letu ulisimama mninga mkubwa, na ng'ambo ya mninga lilianza shamba la baba mkubwa, ambaye alikuwa raia wa Zambia. Yeye na baba walizaliwa tumbo moja. Mmoja alioa upande huu, mwingine akaoa upande ule, basi kila mmoja akawa na serikali yake.

Mimi nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, nimekuja kukaa kwa mama mpaka nipate nguvu. Ndiyo maana niliyaona yote.

Baba alikuwa seremala. Kijiji kilimpa kazi ya kutengeneza milango ya zahanati, na mbao hazikuwapo. Kila asubuhi alikuwa akinawa uso huku anautazama ule mti. Lakini kwetu mninga ulikuwa mti wa serikali. Hata ukiota uani kwako, huugusi bila kibali cha bwana misitu. Mikuyu, kwa upande wake, haikuwa na mwenyewe; tulipohamia tuliikata yote ili nyumba zikae kwenye mstari.

Baba mkubwa hakuisahau ile mikuyu. "Mlikata mikuyu!" alikuwa akisema, anatikisa kichwa. "Kwetu chifu angewafukuza. Mkuyuni ndiko waliko wazee waliotutangulia." Ila mninga, ambao yeye aliuita mulombwa, kwao haukuwa na shida. Ukiwa shambani kwako na chifu amekubali, unakata.

Basi siku moja alivuka akiwa na habari njema. "Nimeongea na chifu. Mti uko shambani kwangu, tuuangushe. Milango utapata, na kitanda changu utanitengenezea."

"Uko shambani kwako kweli?" baba akauliza.

"Sasa uko kwa nani?"

Wakaleta msumeno wa watu wawili. Mimi nilikaa mlangoni pa jiko nanyonyesha. Walianzia upande wa Zambia, wakavuta, wakasukuma, unga wa mbao ukaanza kumwagika. Gome lilipokwisha, mti ukatoa damu.

Nilikuwa nimesikia kwamba mninga hutoa damu. Kusikia si kuona. Ilitoka nyekundu, nzito, ikashuka polepole kwenye gome, ikaning'inia kwenye meno ya msumeno. Baba, aliyepasua mbao maisha yake yote, hakuwahi kukata mninga ulio hai; mbao zake zilimfikia zimekwisha kauka. Aliuachia mpini. Mama akatoka jikoni, akashika mdomo. Hata mwanangu aliacha kunyonya, au mimi ndiye niliyedhani hivyo.

Bwana misitu alitukuta hapo hapo. Alikuwa akipita na baiskeli yake, akasikia msumeno. Hakufoka. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akasalimia, akauliza, "Mzee, kibali?"

"Huu ni wa upande wa pili, bwana misitu," baba akasema. "Kaka yangu ameruhusiwa na chifu."

"Upande wa pili unaanzia wapi?"

Hakuna aliyejua. Tulijua nguzo mbili za mpaka, moja juu kwenye mawe, nyingine chini karibu na kijito, lakini katikati yake tuliishi tu. Baba mkubwa akaenda kumwita mjumbe wa chifu, akaja mtu mzima amevaa kofia nyekundu, akatusalimu kwa lugha yao, "Mwapoleni mukwai," nasi tukaitika. Wakakubaliana kuvuta kamba kutoka nguzo hadi nguzo. Mama aliifungua kamba ya kuanikia nguo, wakaiunga na kamba za mbuzi.

Ilipokazwa, ikaugonga mninga katikati ya tumbo.

Bwana misitu akauzunguka mti, akapima kwa viganja huku na huku. Mjumbe wa chifu naye akapima. Kisha wakatazamana.

"Nusu yangu haikatwi," bwana misitu akasema.

"Nusu yangu inakatwa," mjumbe akajibu. "Lakini itaangukia wapi?"

Walicheka wote wawili, halafu kicheko kikaisha chenyewe. Wakainua nyuso juu. Nasi tukainua. Nilikuwa nimeishi chini ya mti ule bila kuutazama hivyo: matawi yametandazwa juu ya nyumba yetu na juu ya mihogo ya baba mkubwa, na hapakuwa na mahali ambapo ungeweza kusema hapa nchi moja imekwisha. Mjumbe alivua kofia yake. Sidhani kama alijua ameivua.

Mama ndiye aliyekanda udongo na samadi ya ng'ombe akaziba jeraha. Hakumuuliza mtu. Alivuka kamba, akapaka, akarudi kuosha mikono.

Bwana misitu alimtafutia baba mninga mwingine, ulioangushwa na upepo huku kwetu, maeneo ya Isansa. Milango ya zahanati ikapatikana. Kitanda cha baba mkubwa kilitokana na mti mwingine, tena kilikuwa kikilia kila alipojigeuza, naye hakuacha kumtania baba kwa hilo.

Mvua zilipokaribia, kabla majani hayajatoka, mti ule ulichanua. Tuliamka tukakuta anga yote ya uani ni ya manjano, nyuki wanavuma kama mashine ya kusaga ya mbali, na harufu tamu imejaa mpaka ndani ya vyungu. Maua yalikuwa yakidondoka bila upepo, juu ya bati na juu ya mihogo. Watu wa ng'ambo walikuja, wa kwetu walikuja, wakasimama wamechanganyika.

Baba alisimama kati yao na mswaki mdomoni. Alikuwa anautazama ule mti, na safari hii hakuhesabu mbao.

"Kumbe," akasema, akaingia ndani kunywa chai.