Binti Niliyemwandika Yatima

Nilipoanza kufundisha katika shule moja ya milimani, si mbali na Mibirizi, nilikuwa mgeni. Nilizaliwa Bukavu, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani, nikavuka mto kurudi katika nchi niliyoijua kwa hadithi tu. Mauaji ya kimbari yalikuwa yamepita miaka michache. Vita navyo vilikuwa vimehamia upande nilikotoka, na kila Jumamosi nilishuka hadi mpakani, Rusizi ya Kwanza, kuwauliza wachuuzi waliovuka kama kuna aliyemwona mama yangu.

Asubuhi nilifundisha Kifaransa. Alasiri nilifundisha ngoma, katika chumba kilichokuwa ghala la maharage. Kulikuwa na watoto ambao wazazi wao waliuawa, na watoto ambao baba zao walikuwa gerezani wakishtakiwa kuua. Wote walisimama mstari mmoja, mikono juu kama pembe za ng'ombe, na mimi sikuuliza nani ni wa nani. Nilijivunia kutouliza. Leo sijui kama ule ulikuwa wema au woga.

Wawili walikuwa wamewapita wenzao. Wa kwanza alikuwa msichana mrefu, mkimya, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Bukavu, kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili cha huko. Mama huyo aliugua na kufa kambini wakati familia ilipokimbilia Kongo. Baba yake alirudi na binti, akakamatwa, na alikuwa gerezani mjini akisubiri kesi. Kila Ijumaa msichana aliamka kabla ya jua kuchomoza, akabeba chungu cha viazi na maharage, akateremka kwa miguu kumpelekea. Sisi tunaita kugemura, kumlisha mtu asiyeweza kujilisha alipo. Wa pili alitoka Gikundamvura. Kwao hakubaki mtu, na aliishi kwa shangazi yake karibu na shule. Huyu alicheza vizuri. Yule mrefu alipocheza, wapiga ngoma walisahau kuchoka.

Siku moja ikaja barua kutoka Butare. Kulikuwa na tamasha la ngoma likiandaliwa huko, na kabla yake warsha za wiki mbili na walimu kutoka nchi mbalimbali. Waandalizi wangelipia nafasi moja kwa kila shule: safari, kitanda, chakula, mafunzo. Sharti lilikuwa moja. Mwanafunzi awe yatima wa baba na mama.

Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Nilijaza jina la msichana mrefu bila kusita. Kwenye mstari wa mama niliandika: amefariki. Kwenye mstari wa baba kalamu ilisimama kidogo, kisha nikaandika neno lile lile. Nilijiambia kwamba Butare ni mbali, kwamba karatasi haimuui mtu, kwamba mtoto wa namna ile hapati nafasi mbili maishani. Sikumuuliza. Nilimwambia tu kwamba nimemwombea nafasi, akaniangalia na kucheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Jibu lilikuja kabla ya likizo: amekubaliwa. Mwalimu mkuu alifurahi mno hata akampa katekista taarifa aisome baada ya misa. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Katekista alisoma polepole, kwa sauti nzuri, jina la msichana, jina la baba yake, marehemu, jina la mama yake, marehemu. Halafu mahali fulani nyuma yangu mtu akacheka kwa pua, na mwanamke mmoja akasema, "Huyo marehemu juzi nilimwona gerezani akipasua kuni."

Msichana alikuwa upande wa wanakwaya. Alitoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Jumatatu hakuja shuleni. Siku zilizofuata alikuja lakini hakukanyaga chumba cha ngoma. Ijumaa jioni alifika nyumbani kwangu na chungu chake, kimejaa, hakijaguswa.

"Papa alikataa," aliniambia. "Alisema mutu mwenye alikufa habamuletee chakula. Alisema niende kucheza."

Nilimwomba aketi. Hakuketi.

"Mwalimu, papa yangu hayakufa. Juu ya nini uliandika vile?"

"Nilitaka uende."

"Mimi sikuombaka. Sasa batu banasema mimi ndiye nilimuzika muzima."

Nilitaka kumweleza kuhusu sharti, kuhusu barua, lakini niliona kwamba kila neno lingekuwa la kujitetea. Alikiweka chungu mlangoni akaondoka.

Kesho yake, kabla sijapata nguvu ya kwenda kokote, alikuja shangazi wa yule msichana wa Gikundamvura. Alikuwa mama mnene, mlimaji, mwenye sauti ya chini. Alikataa chai. Alisema amesikia kwamba nafasi ilikuwa ya yatima, na akataka kusikia kutoka kwangu kama ni kweli.

"Ni kweli, mama."

"Na wewe ulijua kwamba nyumbani kwangu yuko mmoja."

"Nilijua."

"Yule mwenzake kila Ijumaa ana mtu wa kumpelekea chakula," alisema. "Huyu wangu hana hata huyo wa gerezani. Na huenda ni kwa kazi ya mikono ya hao walio mle. Mimi sisemi ni ya baba yake. Sijui. Wewe unajua?"

Sikujua. Sikuwahi hata kutaka kujua. Nilikuwa nimechagua miguu na mikono, nikasahau kwamba inamilikiwa na watu. Alipoinuka alinishukuru kwa kumpokea, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilimrudishia msichana mrefu chungu chake, na Ijumaa iliyofuata nikamwomba niende naye gerezani. Aliponipita njiani alipunguza mwendo, nikamfuata. Tulitembea saa nyingi, ziwa likionekana na kupotea kati ya vilima, na ng'ambo yake Bukavu, nisijue mama yangu alikuwa mtaa gani au kama alikuwa mahali popote.

Wafungwa walitoka kwa zamu, wamevaa nguo za rangi ya waridi, wakakaa kwenye mabenchi kutukabili. Baba yake alikuwa mwembamba, nywele zimeanza mvi. Zamani alifanya biashara Bukavu, kwa hiyo aliniongelesha Kiswahili.

"Wewe ndiye mwalimu."

"Ndiyo, mzee. Mimi ndiye niliyeandika. Mtoto hakujua lolote."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Ulimuuliza yeye?"

"Hapana."

Alitazama mikono yake. "Humu ndani kuna watu ambao familia zao zimeacha kuja," alisema. "Wanaanza kwa kuchelewa wiki moja. Nilipoambiwa habari ya kanisani nilifikiri zamu yangu imefika. Nilifikiri ni yeye aliyesema."

Msichana alikuwa akilia bila sauti. Baba yake hakumgusa, haikuruhusiwa, lakini alinyoosha mkono akapokea chungu, akafunua, akaanza kula mbele yetu. Baada ya muda aliniuliza, "Anacheza vizuri kweli?"

"Sijafundisha mwingine kama yeye."

"Mimi sijawahi kumwona akicheza. Alikuwa mdogo."

Nilikuwa na swali moja kooni, lile alilonipa yule shangazi. Sikuliuliza. Askari akapiga filimbi, wafungwa wakasimama.

Njiani kurudi nilimwambia msichana kwamba nitawaandikia Butare ukweli, na nitawasihi wamchukue hata hivyo. Alisema, "Hata bakikubali, siendi." Nilijaribu tena siku mbili baadaye. Jibu lilikuwa hilo hilo.

Niliandika barua, nikaungama. Nilipendekeza nafasi apewe msichana wa Gikundamvura, kama bado wanaiamini shule yetu. Walijibu kwa mistari minne, ya baridi, kwamba wamekubali. Mwalimu mkuu alinikataza kufundisha ngoma kwa muhula mzima, na sikumlaumu.

Msichana wa Gikundamvura alisafiri kwa basi lililosindikizwa na wanajeshi, kwa sababu siku zile msitu wa Nyungwe haukuwa salama, na watu walikuwa wameshambuliwa humo. Wiki mbili sikulala vizuri. Nilifikiri: sasa nimemtuma huyu naye. Alirudi mzima, amenenepa kidogo, na miondoko mipya ambayo hata mimi sikuijua. Aliifundisha kwa wenzake uwanjani. Alikuwa mwalimu mwenye subira. Leo ana kikundi chake, na shangazi yake hunisalimu tukikutana, kwa adabu, bila kusimama.

Msichana mrefu alimaliza mwaka ule bila kurudi kwenye ngoma. Baadaye alivuka kwenda kwa ndugu za mama yake Bukavu, vita vikiwa bado havijatulia. Mama yangu naye nilikuja kumpata, akiwa mzima, kwenye nyumba ya jirani. Baba wa msichana alihukumiwa. Nilisikia kosa lake kutoka kwa watu, kila mtu na namna yake ya kulisimulia, na sitaliandika hapa. Nimeshaandika vya kutosha juu ya mtu huyo.

Miaka ilipita, nikakutana na binti yake darajani akivusha nyanya kwa ndoo, mtoto mgongoni. Tulisalimiana, nikamuuliza hali ya papa.

"Iko mule mule," alisema. "Ijumaa nitaenda."

Nikamuuliza kama bado anacheza. Akasema kwenye harusi, kama mutu yeyote. Halafu askari wa mpaka akaita mstari wetu usogee, akainua ndoo yake.