Mkono wa Mkunga

Katika kila mkutano wa mfuko wetu wa pensheni hapa Pasiansi, mkunga mstaafu hukaa pembeni akimenya karanga. Hupuliza maganda, kisha humsogezea jirani yake bila kumuuliza kama anataka. Hoja ya kuuza hisa zetu katika viwanda vya silaha aliileta yeye, tena kwa sauti ile ile ya wodini: "Mimi nimezalisha nusu ya Ilemela. Hela yangu isije ikaua watoto wa wenzangu!" Tukapiga makofi. Lakini kura ilipoitishwa, mkono wake uliishia kwenye kilemba, ukabaki hapo hapo.

"Mama, umenyoosha au unajikuna?" katibu akauliza.

"Mwanangu mwanajeshi, yuko Kongo analinda amani," akasema taratibu, kama mtu anayeulizia njia. "Kila nikisali naomba bunduki yake isimkwame. Sasa hao wanaoitengeneza, nawakataaje?"

Akarudia karanga zake, akanijaza kiganja mimi niliyekaa jirani yake. "Wanaokubali, wanyooshe," katibu akasema tena. Nikautazama mkono wangu uliojaa karanga, nisijue nizile au nimrudishie.