Ng'ombe wa Dada Yangu na Mistari Niliyomsomea

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na sababu ya kwanza ya kuikumbuka ni ya aibu: nilikuwa nimevaa tai nikijihubiria mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimesimama mbele ya kioo kidogo katika chumba tulichopanga mimi na mke wangu Neema pale Nkende. Kesho yake nilitakiwa kuwafundisha vijana wa kanisa letu somo la uvumilivu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina shahada, ni mwalimu wa sekondari, nimeokoka, na nilikuwa na jibu la kila swali. Majibu yale yameniisha moja moja. Siku hizi nimebaki na maswali na kipara.

Mlango ukagongwa. Alikuwa dada yangu Rhobi, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, ametoka kwa mumewe Chacha, kijijini Nyanungu. Alikuwa na mtoto mgongoni na beseni la nguo kichwani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba hata kiwiko kisionekane.

Aliitazama tai yangu kabla ya kunisalimu. "Marwa, hicho kitanzi unakwenda kujinyonga au kuhubiri?"

Kisha akaketi kitandani, akamshusha mtoto, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya: "Chacha amenipiga tena. Safari hii sirudi."

Sasa mwanangu, kama hukuzaliwa huku kwetu Mara, nivumilie nikueleze jambo moja, maana bila hilo utaniona mjinga wa kawaida, na mimi nilikuwa mjinga wa aina ya pekee. Kwetu binti akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huingia zizini kwa lango hili na kutokea lango lile: kaka yake huoa kwa ng'ombe hao. Ng'ombe waliomtoa Rhobi nyumbani ndio walionipatia Neema. Hawakukaa hata kuyazoea majani yetu. Baba mkwe naye hakuwafuga. Aliwaswaga moja kwa moja hadi kwa wakwe wa mwanawe. Ndiyo maana Rhobi alikuwa na utani wake, kila akija kwetu humwambia Neema, "Mke wangu, uji uko wapi?" Nasi hucheka.

Siku ile hakuna aliyecheka. Rhobi akiachana na Chacha, Chacha angedai ng'ombe wake kwetu. Sisi hatukuwa na hata mkia. Ingebidi tugonge kwa baba mkwe, naye agonge kwa wakwe wa mwanawe, na huenda Neema angefuatwa arudishwe kwao. Nyumba tatu zilikuwa zimesimama juu ya mgongo wa mwanamke mmoja, na mgongo wenyewe ulikuwa umeketi kitandani kwangu ukimnyonyesha mtoto. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema kama hufa akiwa ameokoka.

Nikamwambia dada yangu, "Tuliombee jambo hili." Nikafunga siku tatu.

Nataka uniamini kwamba niliomba kweli. Sikuwa nacheza. Lakini kichwani palikuwa na vumbi kama barabara ya Mugumu wakati wa kiangazi. Nikimfikiria Rhobi, moyo unaniambia asirudi. Nikimfikiria Neema, moyo uleule unaniambia arudi, tena leo. Nikafumba macho nikafungua Biblia mahali popote, nipewe neno. Nikapata orodha ndefu ya watu na watoto waliowazaa. Nikafungua tena, nikapata vipimo vya hema. Mara ya tatu nikafungua macho yakiwa wazi, pale pale nilipokuwa nimepajua tangu mwanzo: kwenye utii wa wake na subira ya wateule. Nikasema, "Asante Bwana, umesema."

Siku ya tatu nikamketisha Rhobi, nikamsomea. Nilimsomea vizuri, kwa vituo vyake, kama mtu aliyesoma chuo kikuu. Nikamwambia mateso ya sasa si kitu, kwamba kwa upole wake mumewe ataokoka, kwamba Mungu ameniambia arudi.

"Amekuambia wewe?" aliuliza.

"Mungu hupitia kwa watu, dada."

"Basi siku hizi ana upungufu wa watu," alisema. Alicheka kidogo. Akamtazama Neema, aliyekuwa mlangoni akichambua mboga kichwa chini, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kukunja nguo za mtoto kwa mkono mmoja. "Haya. Twende."

Nilimrudisha mwenyewe, kwa pikipiki ya kukodi, Biblia kwapani. Chacha alitupokea vizuri kupita kiasi. "Karibu shemeji! Karibu mwalimu!" Nikahubiri uani mbele ya ndugu zake. Wajibu wa mume niliutaja kwa sentensi moja na nusu. Wajibu wa mke nikaufafanua hadi kivuli kikahama. Chacha alisema "Amina" kuliko wote, na hilo peke yake lilitosha kunishtua kama ningekuwa na akili. Mtu akipenda mahubiri yako kiasi hicho, mwanangu, kagua umemhubiria nani. Kuku akachinjwa. Mimi kama mgeni wa heshima nikapewa firigisi, nikaila, na aliyeipika ni Rhobi mwenye mkono mmoja.

Haukupita mwezi. Jirani yao mmoja alinipigia simu nikiwa darasani. Nilipofika hospitali, nesi aliniuliza kwanza PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyepigwa, nikaanza kukimbia kwenda kituoni kuitafuta. Dada yangu alikuwa amelala kwenye benchi, khanga imelowa damu upande wa kichwa. Baada ya siku kadhaa daktari alituambia sikio la kulia halitasikia tena.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nimeomba, nimesoma, nimesafiri kwa gharama zangu. Kama nimefanya yote ambayo mtu wa imani hufanya, kosa liliingilia wapi? Nilimkasirikia Chacha, nikamkasirikia Mungu, na nilijiacha mimi nje ya orodha kwa ustadi mkubwa.

Nikaenda kwa Mzee Matiko. Huyu alikuwa mzee wa kanisa letu, mfugaji, hakusoma zaidi ya darasa la nne, na katika vikao vya kanisa mimi nilizoea kumsahihisha Kiswahili chake. Nilimkuta zizini akinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura," alisema, yaani kijana kwa Kikurya. "Shika pampu hii, mgongo umenigoma."

Nikashika. Nikawa napiga pampu huku namweleza habari yote, dawa ikinirukia viatuni. Yeye alikuwa akiinua masikio ya ng'ombe mmoja mmoja, anakagua, ananionyesha pa kunyunyizia. Nilipomaliza nikamwambia, "Mzee, sielewi. Nilimtii Mungu."

Mzee alizunguka nyuma ya fahali, akainua mkia, akasema, "Hapa. Hapa wamejaa." Nikanyunyizia. Ndipo akaniuliza, bila kuniangalia:

"Mura, kama wewe ungeoa kwa ng'ombe za mtu mwingine, dada yako angekuja na ule mkono, ungemsomea nini?"

Nikaacha kupiga. Pampu nayo ikanyamaza.

"Ungemsomea yale yale?"

"Sijui, mzee."

"Unajua." Akambandua kupe mmoja mnene, akamweka kiganjani, akanionyesha. "Huyu hamwachi ng'ombe mvua wala jua. Hata mimi mwenye ng'ombe namwacha nikaenda kulala, yeye yupo. Ukimuuliza atakuambia anampenda sana." Akamponda kwa kidole gumba. "Endelea kupiga. Bado ndama."

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi na nimekaa katika semina zenye chai na maandazi, lakini hakuna aliyenifundisha kama yule mzee aliyekuwa anachanganya ngeli zote. Nilirudi Nkende nikinuka dawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa dada yangu.

Nilimweleza Neema. Nilitegemea alie. Alisema, "Nilikuwa nangoja useme wewe. Mimi ningesema nini? Mimi ndio hao ng'ombe wenyewe." Kisha akasema, "Mwambie asirudi. Wakija kunichukua, watanikuta napika."

Wazee wa ukoo walikutana nyumbani kwa mama yetu, upande wa Chacha wamekuja na fimbo zao na hesabu zao. Ungetarajia nikuambie nilisema maneno mazito. Nilisema vibaya, kwa kigugumizi, nusu Kiswahili nusu Kikurya. Nilisema Rhobi hatarudi, na deni la ng'ombe ni langu mimi niliyeoa nao, si la Rhobi, na nyumba ya baba mkwe isiguswe. Mzee mmoja wa upande wa Chacha akacheka: "Mwalimu! Utalipa ng'ombe kwa chaki?" Watu wakacheka, mimi pia nikacheka, maana swali lilikuwa zuri. Nilipewa muda. Nililipa kwa miaka, ndama kwa ndama, na kwa muda mrefu wenzangu wakijenga nyumba mimi nilikuwa najulikana zizini kwa Chacha kuliko mbwa wake. Shauri la kupigwa lilikwenda polisi. Huko nako lina hadithi yake, ndefu kwa safari na fupi kwa matunda.

Lakini hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Siku Rhobi alipotoka hospitali nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno. Alinikatiza, akageuza kichwa ili anisikie kwa sikio zima.

"Marwa, mimi nilijua unaombea ng'ombe."

"Ulijua?"

"Ulikuwa unaomba kwa sauti. Chumba chenyewe kimoja."

"Sasa kwa nini ulikubali kurudi?"

"Neema alikuwa na mimba. Nilimwona anakimbia harufu ya dagaa. Wewe ulikuwa bize na kufunga." Akafunga khanga yake vizuri. "Nikasema, nikikaa hapa watakuja kumchukua na mimba yake. Nikamwambia Yesu, basi, nitajaribu tena."

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi miwili na mimi sikujua. Nilikuwa nimefunga siku tatu kumsikia Mungu, na sikuisikia hata nyumba yangu.

Toka siku ile nimegeuza jambo hili kila upande na bado linanitatiza. Yale niliyomhubiria Rhobi kwa uongo, yeye aliyafanya kwa kweli. Alijitoa kwa ajili ya mwingine, kama Bwana wetu alivyofanya. Je, alifanya vema kurudi? Kuna siku nasema ndiyo, kisha namwona anavyogeuza kichwa watu wakimsemesha, nasema hapana, hapana, hakuna aliyepaswa kumfikisha hapo. Nimewauliza wachungaji wawili wakanipa majibu mawili. Nimemuuliza yeye mwenyewe, yuko Mugumu sasa, ana genge lake la mboga sokoni, akaniambia, "Wewe shida yako unataka kuelewa kila kitu. Shika hili fungu la mchicha unifungie."

Kwa hiyo sikupi jibu nisilo nalo. Nakupa machache niliyoyapata kwa gharama ya sikio la mtu.

Mwanangu, kabla hujamfungulia mwenzako Maandiko, jiulize yakifuatwa wewe unapata nini. Kama unapata kitu, funga kitabu kwanza, umweleze hicho kitu waziwazi, ndipo muombe pamoja. Msalaba mtu huubeba mwenyewe kwa hiari yake. Ukimtwika mwenzako mgongoni halafu ukauita imani, wewe ni mmoja wa askari waliosimama pale na misumari. Anayepigwa usimpe mstari wa kurudi nao. Mpe kitanda, mpeleke hospitali, mpeleke polisi kwenye dawati la jinsia, siku hizi lipo. Maombi yatawakuta njiani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, usimsimulie.

Wala usiache kuomba kwa sababu mimi niliomba vibaya. Omba. Omba hata ukiwa umechanganyikiwa, maana Mungu hakunitupa kwa mchanganyiko wangu. Alinitumia mzee na pampu. Ila ukishasema "Amina," waangalie walio ndani ya nyumba yako, uone nani hali vizuri na nani amenyamaza. Mara nyingi jibu limekaa hapo, linachambua mboga.

Basi mwanangu, Mungu akupe imani inayokugharimu wewe kabla ya kumgharimu jirani yako. Akupe mzee asiyeogopa shahada yako. Akupe haya kidogo kinywani na ujasiri kidogo miguuni. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akuache na mtu uliyemkosea akiwa hai, akuite kwa jina lako, akupe kazi ya kumsaidia. Amina.